Picha Ndefu ya Landhi Ndogo

Landhi Ndogo, Nairobi
4 Februari 2025

Khocha wangu Dishon,

Mulembe. Wiki hii nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne umenijibu habari za mvua. Masikio yako yamekataa kabisa, na hiyo simu yako ya vibonyezo haipokei picha. Basi nimekubali, turudi kwenye karatasi. Bahasha hii inakuja na basi la Kimilili. Nimeambiwa Andati wa duka la mbolea ataipokea na kukufikishia.

Nina kazi, na ina haraka. Laini yetu ya nyuma, ile safu ya nyumba inayotazama ukuta wa godauni, inabomolewa Juni ili wajenge magorofa. Mwenye jina kwenye orodha ya ofisi ya nyumba atapewa nyumba mpya. Asiye na jina atafute pa kwenda. Orodha yao ina milango ishirini na mitatu. Sisi wote tunajua ni ishirini na minne. Siku waliyokuja kuhesabu, Rispa Amondi alikuwa Siaya kumzika dada yake. Walikuta kufuli, wakaandika kwamba namba 17 ni stoo. Stoo, Khocha! Mtu ameishi humo miaka thelathini na mmoja. Mwaka ule mama alipolazwa, mimi nilikula humo na kulala humo.

Mzee Wanyoike, mwenyekiti wa kamati yetu, ameniomba nipige picha moja ndefu ya laini nzima, mlango wa kwanza hadi wa mwisho, waipeleke ofisini tarehe 26.

Sasa kamera uliyoniachia ni nzito kama tofali, na kila ninapopiga anga naona madoa matatu meusi yamekaa palepale. Nataka kuazima ya Nzivo, mpiga picha mwenzangu, zile mpya ndogo zisizo na kioo ndani, pamoja na lenzi yake pana inayomeza kila kitu kwa mpigo mmoja. Unasemaje?

Mtoto wa dada yako,
Vivian Nerima


Kimilili
9 Februari 2025

Mpendwa Vivian,

Barua imefika, na mvua pia imefika, usikasirike.

Usiazime. Kamera si sufuria. Ya Nzivo huenda ni nzuri kuliko yangu, lakini hujui vitufe vyake viko wapi, na kazi hii si ya kujifunzia.

Madoa yako hayako kwenye lenzi. Ni vumbi kwenye kihisi, kile kibao kidogo cha ndani ambacho picha inaangukia. Jaza betri kwanza, kisha ingia kwenye menyu uchague kusafisha, kioo kitajiinua. Inamisha kamera mdomo ukitazama chini, upulize kwa ile pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo wako! Mate yakikauka pale utayaona kwenye kila harusi utakayopiga. Ukimaliza, tia ndani ya begi vile vifuko vya chembe vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Rispa anashona viatu Kariokor, mwombe, hakosi. Ukungu ukishaota ndani ya lenzi, hiyo lenzi umeizika.

Lenzi pana usiitaje tena. Itapinda kuta, nyumba za pembeni zionekane zimelewa. Tumia ile ya milimita hamsini. Simama mbali, mgongo kwenye ukuta wa godauni, kamera wima juu ya tripodi, tripodi imesawazishwa kwa pimamaji. Mwangaza na fokasi uzifunge kwa mkono, kamera isijiamulie. Geuza kidogo, piga, geuza, piga, kila picha ibebe theluthi moja ya iliyotangulia. Simama mahali pamoja, Vivian. Usitembee. Ukitembea, kila kitu kinahama, na kompyuta inayoziunganisha itaanza kubahatisha.

La mwisho. Waache watu wasimame milangoni mwao. Najua vijana mnapenda mandhari tupu. Lakini milango ile yote ilipakwa bluu moja na namba zimefutika. Mtu ndiye namba yake.

Ni mimi,
Dishon Opicho


Landhi Ndogo
28 Februari 2025

Khocha,

Kazi ilifanyika. Picha ilitoka na urefu wa mita mbili, na ilipelekwa ofisini juzi kama ilivyopangwa. Watu waliisifu sana mtaani.

Lakini usifikirie ilikuwa rahisi kama unavyoandika ukiwa umekaa kwenye kiti chako huko. Mgongo kwenye ukuta wa godauni, unasema. Mwenye kandarasi ameshazungusha mabati mbele ya ukuta huo wote. Nafasi iliyobaki ni ya kupita mkokoteni. Kichwa cha tripodi kimelegea, ukikikaza kinainama chenyewe polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Malori ya kokoto yanapita kila dakika na vumbi lake. Nilisafisha kihisi mara mbili, na mara mbili kikachafuka. Kesho yake nilikuwa na harusi Eastleigh, na mwenye harusi alikuwa anapiga simu tangu asubuhi. Nilifanya nilivyoweza.

Nakala sina ya kukutumia kwa sasa. Waliochapisha waliharibu ya pili.

Vivian


Kimilili
5 Machi 2025

Mpendwa Vivian,

Nimefurahi kusikia kazi imeisha. Mita mbili! Enzi zangu nilikuwa nikigundisha picha tano tano kwa gundi ya unga.

Kichwa cha tripodi kinalegea kwa sababu ya skrubu ndogo iliyo chini ya sahani. Tafuta ufunguo wa pembe sita, sokoni Gikomba wanazo. Usikitie mafuta.

Mwenye ofisi alisemaje alipoiona? Na Rispa, aliionaje? Alisimama mlangoni kwake akiwa na kile kitambaa chake cha kichwa cha njano? Natamani kumwona. Nitumie nakala, hata ndogo, hata iliyoharibika.

Ni mimi,
Dishon Opicho


Landhi Ndogo
13 Machi 2025

Khocha,

Nimenunua ufunguo. Skrubu imeliwa, haikazi. Nimempelekea fundi akaniambia niache siku tatu. Zimeisha, sasa anasema niache nyingine. Hii kamera yako imenichosha. Nikitoa vumbi linarudi. Nikiweka betri moja inakaa nusu saa. Kila kitu ulichoniachia kina ugonjwa wake, na kila ugonjwa una hotuba yako ndefu.

Rispa ni mzima. Mbona unaniuliza habari zake? Ofisi bado wanashughulikia. Nikipata nakala nitakutumia.

Vivian


Kimilili
18 Machi 2025

Vivian,

Ninakuwekea humu barua niliyoipokea tarehe mbili Machi. Yaani kabla yako ya kwanza ya kujisifu haijanifikia. Nimekaa nayo nikikungoja uniambie mwenyewe. Nimeshakuuliza kwa barua. Sitauliza tena.

Dishon Opicho


[Barua iliyokuwa ndani]

Landhi Ndogo
27 Februari 2025

Ndugu yangu Dishon,

Ni mimi Rispa. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye ulimfundisha huyu mtoto.

Jana tulienda ofisi. Wanyoike akatandika picha juu ya meza, ndefu kama kitambaa cha madhabahu. Safi kabisa. Hakuna mtu, hakuna kuku, hakuna nguo kwa kamba. Vivian alikuwa ametufukuza wote tukae kando, ati picha ipendeze. Karani akachukua kalamu, akahesabu milango na ncha yake. Ishirini na tatu. Akarudia. Ishirini na tatu. Akatuangalia akasema, "Hata picha yenu wenyewe inakubaliana na sisi."

Nikatafuta mlango yangu. Nikaona wa Opiyo, namba 16. Halafu nikaona wa Ooko, namba 18. Wamekaa pamoja, ukuta kwa ukuta, kama mimi sijawahi kuwa katikati.

Kosa naweza kusamehe. Mashine ni mashine. Lakini Vivian alikuwa hapo, amesimama nyuma ya Wanyoike. Nilimwangalia. Nilijua atafungua mdomo aseme, "Ngoja, hapa kuna nyumba." Hakusema. Aliangalia viatu vyake, na hivyo viatu ni mimi nilishona.

Mimi nimeshona ngozi Kariokor miaka mingi. Sijawahi kata kidole cha mtu ndio kiatu kiingie.

Wametupa mpaka tarehe 15 Aprili kukata rufaa. Sijui nitapeleka nini tena.

Rispa Amondi


Landhi Ndogo
23 Machi 2025

Khocha,

Nimeisoma barua yake nikiwa nimekaa kwenye ndoo bafuni, mahali pekee pa kujifungia.

Ulijua. Wiki mbili na zaidi ulijua, ukaniuliza habari za kitambaa cha njano kama mtu asiyejua kitu. Umenitegea mtego, mtoto wa dada yako. Nimekasirika sana. Lakini nitakuambia yote sasa, halafu ukitaka unikasirikie na wewe.

Nilitembea. Nafasi ilikuwa finyu, kichwa cha tripodi kilikuwa kinainama, nikaiacha tripodi nyumbani. Nilishika kamera mkononi, nikapiga nyumba moja, nikasonga hatua, nikapiga nyingine, mpaka mwisho. Niliwaambia watu watoke. Nilitaka mistari tu, bluu, bluu, bluu, mpaka ipotee kwenye kona. Nilikuwa nikifikiria picha ya kuweka ukutani, Khocha. Huo ndio ukweli. Sikuwa nikifikiria orodha.

Kompyuta iliziunganisha kwa dakika nne. Mlango wa bluu, dirisha, mlango wa bluu, dirisha. Ikaona mlango wa 17 na mlango wa 18 ni kitu kimoja, ikaulaza mmoja juu ya mwingine. Hata ufa hauonekani. Na mimi sikuhesabu. Niliangalia rangi, niliangalia ukali, niliondoa madoa ya vumbi moja moja kwa saa nzima. Sikuhesabu milango.

Pale ofisini karani alipofika ishirini na tatu, nilijua papo hapo. Nilitaka kusema. Wanyoike alikuwa ametoka kunisifu mbele ya kila mtu, "huyu binti wetu ni fundi." Nikajiambia nitaenda nyumbani nizitoe picha za awali, moja moja, nirekebishe, nirudi kesho kana kwamba ni jambo dogo.

Nilipofika nyumbani kadi haikuwa na hata moja. Niliifuta mwenyewe asubuhi ya ile harusi ya Eastleigh ili nipate nafasi. Na kwenye kompyuta nilikuwa nimebakisha ile ndefu peke yake.

Tangu siku hiyo Rispa hanijibu. Nikisalimia anaangalia juu ya kichwa changu. Nimebisha mara tano. Namsikia ndani akipiga nyundo kwenye ngozi, hanyanyuki. Nimewaza nimpe Nzivo hii kazi yote mimi nitoke, nihamie Kayole, nisiione tena hii laini.

Nikipiga nyingine, karani atauliza, mbona hii ina milango zaidi? Atasema tumeichora. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Sioni njia.

Vivian


Kimilili
29 Machi 2025

Mpendwa Vivian,

Nilikosea kukungoja. Ningekuandikia siku ileile. Nilitaka useme mwenyewe, lakini pia, nikikuambia ukweli, nilitaka kuwa mzee aliyesema usitembee. Wiki mbili za Rispa zimepotea kwa sababu hiyo. Nimemwandikia kumwomba radhi. Hajanijibu mimi pia.

Sasa nisikilize. Usipeleke picha nyingine ndefu. Karani ana haki ya kutoiamini. Peleka vipande. Piga jinsi nilivyokuambia, uchapishe kila picha peke yake, usiunganishe chochote. Ziweke mezani zikiwa zimechanganyika, umwachie yeye azipange kwa vidole vyake. Kila picha itakuwa na mlango wa jirani yake ndani, kwa hivyo hawezi kuruka hata mmoja. Kitu ambacho mtu amekiunganisha mwenyewe hawezi kusema umekichora wewe.

Andikeni namba kwa chaki kwenye milango. Watu wasimame.

Kuhusu mabati: nyuma yake kuna jukwaa la kupakulia mizigo la godauni, urefu wa kifua. Mlinzi wa zamu ya mchana zamani alikuwa Patrobas. Kama bado yupo, mwambie ni Opicho wa studio amekutuma. Tripodi usiingoje kwa fundi. Jaza mchanga kwenye mfuko wa unga, uweke juu ya jukwaa, usimamishe kamera juu yake wima, uigeuze hapo hapo. Mchanga haulegei.

Na siku ya rufaa simama, useme ya kwanza ilikuwa mbovu na ni wewe uliyeiharibu. Useme kabla hawajakuuliza. Najua itakuuma. Hakuna lenzi ya kukusaidia hapo.

Ni mimi,
Dishon Opicho


Landhi Ndogo
20 Aprili 2025

Khocha,

Imekwisha, na nitakueleza kama ilivyokuwa.

Patrobas bado yupo. Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya pili nilitaja jina lako, akanikazia macho, akasema, "Opicho alinipiga picha ya harusi nikiwa nimefumba macho." Lakini alifungua. Jukwaa liko nyuma ya mabati kama ulivyosema, mabati yenyewe yanaishia kifuani, na kutoka juu ya jukwaa laini nzima naiona.

Jumamosi tarehe 5 kila mtu alisimama mlangoni kwake, namba za chaki juu ya vichwa. Opiyo namba 16 alivaa suti. Ooko namba 18 alibeba mjukuu. Katikati yao mlango wa Rispa ulikuwa umefungwa. Mfuko wa mchanga, kamera wima, mwangaza nimefunga. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya sita, mlango ukafunguka. Alitoka na kigoda, akakiweka kizingitini, akakaa akatupa mgongo. Kitambaa cha njano na mgongo tu. Nilipiga. Sikumwita ageuke. Zilikuwa tisa zote.

Tarehe 15 ofisini Wanyoike alianza kuniombea radhi kwa niaba ya kamati. Nikamwambia, "Mzee, niache niseme." Nikasimama. Nilisema picha ya Februari ilipoteza nyumba, na niliyeipoteza ni mimi, na nilijua siku ileile nikanyamaza. Sauti ilitoka ndogo hadi karani akaniambia nirudie. Nikarudia. Chumba chote kilisikia mara mbili.

Akasema, "Sasa kwa nini niamini za leo?"

"Usiniamini. Zipange wewe."

Alizichanganya kama karata. Akaanza kuzilaza mezani, mlango juu ya mlango, alichukua muda mrefu mpaka mtu nyuma akakohoa. Akafika kumi na sita. Akalaza inayofuata. Kumi na saba, hii hapa. Kumi na nane. Akarudi nyuma kwa kidole.

"Na huyu aliyetupa mgongo ni nani?"

"Ndiye Rispa Amondi. Amenikasirikia."

Karani aliinua macho akatazama benchi. Rispa alikuwa amekaa hapo na kitambaa kilekile, mikono mapajani, uso kama ukuta. Karani hakucheka. Aliuliza jina lake la kitambulisho, akaliandika, akagonga muhuri. Akahesabu hadi mwisho. Ishirini na minne.

Nilidhani nikitoka pale nitapumua. Haikuwa hivyo. Wanyoike ameshampa Nzivo kazi ya kupiga mikutano ya kamati. Akina mama walimkumbatia Rispa barabarani, na mimi nilisimama kando na bahasha yangu. Alipita mbele yangu. Hakuniangalia.

Jana mchana nilikuwa nje nasafisha kihisi, kamera imeinama, pampu mkononi. Nikasikia mtu amesimama juu yangu.

"Kuja na hiyo kitu yako," akasema Rispa. "Nyumba yangu. Mimi peke yangu. Usinishone na mtu."

Nilichukua lenzi ya hamsini. Nilirudi nyuma mpaka mabati yakanizuia. Alifungua mlango wote, akatoa beseni lake la kulowekea ngozi akaliweka pembeni, akasimama. Safari hii alinitazama. Si kwa uzuri, Khocha. Alinitazama tu. Nikapiga moja.

Akaja akaniambia nimwonyeshe. Nilimgeuzia kioo cha nyuma. Akaweka kidole, akahesabu polepole, akigusa kila kimoja: mlango, dirisha, beseni, yeye.

"Sawa," akasema.

Akabeba beseni lake akaingia ndani. Hiyo sawa sijui ni ya aina gani. Lakini ni neno la kwanza la kunijibu tangu Februari, na mlango hakuufunga.

Mtoto wa dada yako,
Vivian